Waliotutoka Bila Matanga

Mtu akifa kwetu Ngara, kijiji kizima kinajua la kufanya. Kabla jua halijazama, vijana wameshakata miti ya kusimamishia turubai na kupanga zamu za kuchimba kaburi. Wanawake wamefika na kuni, ndizi na maharage, na masufuria makubwa ya kuazima yako motoni. Ndani mikeka imetandikwa na wafiwa wamekaa chini. Mezani, karibu na mlango, mtu mmoja ana daftari la rambirambi na anaandika kila anayetoa, hata akitoa shilingi mia tano. Wageni wanaingia, wanasema poleni, wanakaa kimya kidogo, kisha wanatoka kuwapisha wengine. Usiku watu wanalala hapohapo. Hakuna anayeulizwa kaalikwa na nani, kwa sababu msiba hauna kadi.

Kisha matanga yanaanuliwa. Masufuria yanarudi kwa wenyewe, ndugu waliotoka Mwanza na Dar es Salaam wanawahi basi la alfajiri, na mfiwa anaamka siku ya pili kwenye nyumba ambayo jana yake hapakuwa na pa kukanyaga. Desturi imemaliza kazi yake, na imeifanya vizuri. Sina neno la kuilaumu. Ila huzuni haikusaini makubaliano ya siku hizo. Mara nyingi ndiyo kwanza inapiga hodi, wakati wale wa kuipokea wameshaondoka.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwa miaka mingi limenielemea kuliko la kwanza. Wapo watu tuliowapoteza ambao hawakuwahi kupata siku hata moja ya matanga. Hawakufia mikononi mwetu. Walivuka daraja, au walishuka na mto, au waliambiwa waondoke wakaondoka. Wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, zina watu wa namna hiyo wengi kuliko zinavyoweza kuhesabu. Nimejiuliza ni wapi hasa tunawalilia. Jibu nililolipata si kanisani wala kaburini. Ni kwenye vikundi vya wanawake wanaosuka vikapu.

Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, alikuwa mwanakikundi cha wasusi katika kijiji kimoja cha upande wa Rulenge. Walikutana kila Alhamisi alasiri, wakishatoka shambani na kuosha miguu, chini ya mparachichi wa mmoja wao. Mvua ikinyesha walihamia barazani. Kila mmoja alikuja na kikapu chake kimefungwa ndani ya kitenge, pamoja na fungu la nyasi, nyuzi za katani zilizolowekwa zilainike, na sindano nene. Mwenyekiti akifungua kikao kwa sala, katibu anasoma majina kwenye daftari la mahudhurio, halafu sanduku la akiba linaletwa. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanawake watatu wasiotoka nyumba moja. Hisa zinanunuliwa, mikopo inarejeshwa, kila mtu anatoa kidogo kwa ajili ya mfuko wa jamii, ule wa kumsaidia mwenzao akifiwa au akiuguza. Mambo ya fedha yakiisha, sanduku linafungwa, na hapo ndipo kikao chenyewe kinapoanza.

Ususi wa kwetu ni wa kushona. Unashika fungu jembamba la nyasi, unalizungushia uzi, na kila mshono unapenya kwenye duru iliyotangulia. Unaanza na kifundo kidogo cha kitako, unazunguka, unazunguka, hadi kitako kinapanuka na kuta zinaanza kupanda. Duru mpya haiwezi kusimama peke yake. Inashikwa na ya chini yake, mshono kwa mshono. Ukivuta uzi sana, ukuta unajikunja kwa ndani. Ukilegeza, kikapu kinatepeta. Kila msusi ana mkono wake, na wanaosuka pamoja muda mrefu wanatambuana kwa kazi bila kuulizana. Mama mkubwa aliweza kuokota kikapu sokoni, akakigeuza kitako juu, akakwambia kimetoka kwa nani.

Nilipokuwa mtoto nilitumwa pale kupeleka maji ya kunywa, nikabaki nasikiliza. Yaliyosemwa chini ya mparachichi ule hayakusemwa mahali pengine popote. Mwanamke angeweza kusema kwamba mtoto wake aliyekufa angekuwa kidato cha kwanza mwaka huo. Mwingine angesema bado anapika ugali wa watu wanne, na nyumbani wamebaki watatu. Hakuna aliyeacha kushona. Hakuna aliyeinua uso kumkazia macho. Nadhani siri iko hapo. Mikono ikiwa na kazi, macho yanapata pa kutazama, na mwenye jambo zito anaweza kulitoa bila kuhisi kwamba anakaguliwa. Sentensi inatoka, inafuatwa na mishono kumi na tano ya kimya, kisha mtu anasema, "Hata mimi." Basi. Hakuna mahubiri wala ushauri nasaha, na hakuna anayemwambia mwenzake ajikaze.

Mama mkubwa alipofariki aliacha kikapu kimefika katikati. Kilikuwa cha kifuniko, rangi ya nyasi na nyeusi, na kuta zake zilikuwa zimepanda kiasi cha shubiri moja. Sindano ilikuwa bado imechomekwa ubavuni na uzi wake umekaukia hapo. Matanga yalipokwisha nilikikuta juu ya kabati, kimefungwa ndani ya kitenge chake cha kila Alhamisi. Sikujua nikifanyeje. Kukiweka vile kilivyo kulikuwa kunaniumiza. Kumpa mtu mwingine kulikuwa kunaniumiza zaidi. Alhamisi iliyofuata nilikichukua nikakipeleka kwa wenzake.

Walikipokea kwa mikono miwili na kukipitisha kwa kila mtu. Halafu wakabishana, tena kwa ukali. Mmoja alisema kibaki hivyohivyo, kiwe ukumbusho. Mwingine alisema kifumuliwe hadi kwenye kitako na kisukwe upya na mkono mmoja, maana kikapu chenye mikono miwili hakina bei. Mkubwa wao kwa umri, bibi ambaye alianza kusuka kabla hata sisi wote hatujazaliwa, aliwasikiliza hadi wakamaliza. Kisha akasema zile nyasi walizikata pamoja, rangi waliichemsha pamoja kwenye sufuria lake, kwa hiyo kazi ile haikuwa ya marehemu peke yake na haingekufa naye. Kikamilishwe kuanzia pale alipoishia. Na asiguse mtu mshono hata mmoja wa kwake.

Kazi alipewa aliyekuwa akikaa kushoto kwake. Alilowesha uzi, akaichomoa ile sindano, akaanza. Mama mkubwa alikuwa na mkono wa kukaza. Huyu mkono wake ni mlegevu kidogo. Kilipokamilika, mahali walipopokezana paliweza kuonekana: kuanzia duru ile ukuta unatoka nje kwa unene wa ukucha, kisha unaendelea kupanda sawasawa. Mnunuzi asingeona. Sisi tuliona wote. Kifuniko kikafuata, kikapu kikaenda mnadani pamoja na vingine, na fedha yake ikaingia kwenye sare za shule za wajukuu wa marehemu.

Siku zile watu wengi, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakiniambia nisahau, niache yapite, maisha yaendelee. Wanawake wale hawakuniambia lolote kati ya hayo. Walinionyesha namna nyingine ya kuendelea. Aliyekufa hafumuliwi. Anayebaki anashika kazi pale ilipoachwa, kwa mkono wake mwenyewe ambao hauwezi kuwa kama ule wa kwanza, na alama ya mapokezano inabaki ikionekana kwa wanaojua kutazama. Nimeishi na fundisho hilo tangu wakati huo na sijapata lililo bora.

Lakini mama mkubwa alikuwa na bahati, kama neno hilo linafaa. Alizikwa na watu wake, akaliliwa, akatajwa. Kikundi kile kilikuwa na wengine waliokosa hayo yote, na habari yao inaanzia darajani.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Katika muda wa saa 24 hivi, wanaokadiriwa kufika 250,000 walikuwa wameingia Ngara. Muda si mrefu wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Kambi kubwa kuliko zote ilichukua jina la Benaco, kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara hapo. Leo ni mji wa malori yaendayo Kigali na Bujumbura, na dereva anayeegesha pale kununua chai pengine hajui amekanyaga wapi. Vilima vikavuliwa miti. Malambo yakakauka kwa kuchotwa. Na chini ya daraja lilelile, pale maji ya Ruvubu yaliyokwisha kuungana na Kagera yanapoanguka kwenye maporomoko, mto ulikuwa umebeba watu waliouawa huko juu katika mauaji ya kimbari.

Watu wazima wa Ngara wa wakati ule waliona yaliyopita mtoni, na wengi hawajawahi kuyasimulia hadi leo. Maiti zilishuka na mto hadi Ziwa Victoria. Ni wananchi wa Uganda waliozitoa majini kwa maelfu na kuzizika Kasensero, Lambu na Ggolo, watu wasiowajua, wasio na majina. Waswahili wanasema kifo cha wengi harusi. Huenda kuna misiba ambayo methali hiyo inaifaa. Kwa aliyesimama Rusumo mwaka ule haifai kabisa. Vifo vya wengi kiasi kile havimpunguzii mtu uzito. Vinamnyang'anya hata mahali pa kuanzia kulia, kwa kuwa hajui amlilie nani.

Waliovuka daraja walikuwa na mikono iliyojua kazi. Ususi wa kushona duru uko pande zote mbili za mto, na pande zote tatu za mpaka ukihesabu Burundi. Vikapu vingi vya miaka ile nilivyovikuta nyumbani vilishonwa kwa nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye viroba vya unga wa msaada, nyeupe na buluu, kwa sababu ndizo zilizopatikana bure. Mwanamke mmoja kutoka kambini alikuwa akija kijijini kulima kibarua kwa mama mkubwa na wenzake. Siku moja alikaa nao, akaomba sindano. Akawaonyesha ua la mistari inayovunjika na kurudi, inayozunguka kikapu bila kukatika, ambalo wao hawakuwa wakilisuka. Akawa anakuja kila Alhamisi. Alikuwa na watoto wawili. Wa tatu alimtaja mara moja tu.

Mwezi Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Naye akaenda. Hakuna barua iliyokuja. Hakuna aliyejua kama alifika, kama alikuta nyumba, kama watoto wale wawili walikua. Mtu anayeondoka akiwa hai hatandikiwi mikeka, na asiyejulikana kama yu hai hatandikiwi kabisa. Lakini kikundi kikaendelea kulisuka ua lake, na msusi mpya akifundishwa anaambiwa kwanza limetoka kwa nani. Wanamtaja kwa jina. Nimewasikia wakimtaja baada ya miaka mingi, kwa sauti ileile wanayotumia kumtaja mama mkubwa. Kwangu mimi hayo ndiyo matanga yake, na yanaendelea mpaka sasa.

Mwaka 2013 viti vingine vikabaki wazi. Serikali ilitoa agizo kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu wakaondoka. Wengine walikuwa wameishi kwetu tangu ujana wao, wameoa, wameolewa, wamezaa. Sizungumzii hapa sheria ya uhamiaji. Ina wasemaji wake. Nazungumzia siku ya kikao ambapo katibu alisoma jina na hapakuwa na sauti ya kuitika, na kila mtu akajua kwa nini. Daftari lile lilipojaa, katibu alianza jipya na kunakili majina. Jina la aliyeondoka alilinakili pia, likiwa na mraba mtupu wa mahudhurio mbele yake, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo na hakuna aliyemwambia aache.

Upande wa Biharamulo wana orodha yao. Dada zetu wa Nyakahura na Lusahunga, na wale wa mjini penye boma la Wajerumani, waliishi miaka ambayo basi halikuthubutu kupita msitu wa Kasindaga bila polisi wenye bunduki. Kuna watu waliotoka na mizigo ya kuuza wakiwa na mpango wa kulala nyumbani, wakaishia mikononi mwa majambazi. Huko nako nimekaa na wanawake wanaosuka, na nikasikia majina ambayo hayamo kwenye jiwe lolote la kaburi.

Kisha kuna msiba ambao ulikuwa na turubai na masufuria yake, na bado ukakosa matanga ya kweli. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera, mwaka 1983. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda na kupendwa sana na vijana. Kitambaa cha kupendezea kikapewa kazi ya kutajia kifo. Miaka iliyofuata ilikuja na mazishi yaliyofuatana hadi sehemu nyingi za mkoa zikalazimika kupunguza siku za matanga, kwa sababu mashamba yalikuwa yanakosa watu wa kuyalima. Na katika mazishi yale, wasifu wa marehemu ukifika kwenye sababu ya kifo, msomaji alishusha sauti: aliugua kwa muda mrefu. Watoto walizikiwa wazazi bila kuambiwa wamekufa kwa nini. Wajane walipewa pole na kutengwa kwa mkono uleule.

Wakati huohuo, mbali sana na Kagera, watu wengine walikuwa wanazikana kwa ugonjwa huohuo na kwa aibu ileile. Huko Marekani kuna desturi ya zamani ya wanawake kukutana na kushona mablanketi makubwa ya viraka kutokana na mabaki ya nguo, kila mmoja akileta vipande vyake. Mwaka 1987, mjini San Francisco, Cleve Jones na wenzake waliichukua desturi hiyo na kuifanya matanga. Kila aliyefiwa alishona kipande chenye jina la mtu wake, futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi. Walitumia mashati ya marehemu, suruali zao, taulo, vifungo, chochote kilichokuwa na mkono wake. Oktoba 11 mwaka ule walitandaza vipande 1,920 kwenye uwanja mkuu wa Washington na kusoma majina kwa sauti. Leo vipande vinakaribia 50,000, na majina yaliyoshonwa juu yake ni zaidi ya 100,000. Wengi wa waliotajwa pale walizikwa na familia zilizoona haya kusema kilichowaua. Blanketi likasema.

Jirani zetu wa Uganda walipata njia yao. Akina mama wa NACWOLA, umoja wa wanawake wanaoishi na virusi, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, wakiwa bado hai: nilizaliwa wapi, babu yako aliitwa nani, ulipoanza kutembea ulifanya nini, na hiki ndicho ninachoumwa. Mtoto akabaki na maneno ya mama yake kwa mwandiko wa mama yake.

Ngara na Biharamulo hatukushona majina wala kuyaandika vitabuni, sio kwa wingi huo. Kwetu, kilichovunja ukimya ule ni vikao. Nakumbuka Alhamisi ambayo mwanamke mmoja, mishono yake ikiendelea, alisema mumewe alikufa kwa UKIMWI na yeye mwenyewe ameanza dawa. Ilikuwa baada ya mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure hospitalini. Kimya kikapita. Mwingine akauliza anachukulia wapi. Akataja hospitali. Yule akasema basi Jumatatu twende wote, na mimi nachukulia hapohapo. Miaka yote walikuwa wamekaa wakitazamana magoti. Kuanzia siku ile marehemu wao wawili, waliokuwa wamezikwa kwa nusu ya ukweli, wakapata kutajwa wakiwa wazima.

Nayasema haya sasa kwa kuwa kikao chenyewe kimeanza kututoka, na hakina turubai la kukililia. Ukitazama juu juu huwezi kuona upotevu. Vikapu vinasukwa, tena vingi na vizuri. Kuna wanunuzi wanaopeleka kazi za Ngara ng'ambo, na agizo likija linakuja na vipimo: upana huu, kimo hiki, rangi hizi mbili, tarehe hii. Msusi anachukua nyasi zake na kushona usiku nyumbani peke yake ili awahi, kisha mtu wa pikipiki anapita nyumba kwa nyumba kukusanya. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na kikundi kinapimwa kwa katiba yake, akaunti yake na marejesho yake. Wasichana wanakwenda Kahama na Mwanza kutafuta maisha. Vikundi vingine sasa vinakutana mara moja kwa mwezi, siku ya fedha, sanduku likifungwa kila mtu anaondoka.

Sibezi fedha. Nimeona ilichofanya: bati juu ya nyumba, ada, mwanamke anayelipia matibabu yake bila kuomba ruhusa. Ila ninajua pia kwamba mwanamke anayeshona peke yake usiku anaweza kufiwa, matanga yakaisha, akaendelea kutimiza agizo kwa tarehe, na asiwepo mtu wa kugundua kwamba mkono wake umeanza kulegea. Kikapu kitapokelewa. Yeye hatapokelewa na mtu.

Wala hakuna ulazima wa kuchagua kimoja na kutupa kingine. Ng'ambo ya Rusumo, baada ya 1994, Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse waliwakusanya wanawake kusuka vikapu, wakaanzisha kampuni ya Gahaya Links, na vikapu vile vikafika hadi maduka ya Macy's nchini Marekani. Biashara ilikuwa ya kweli, yenye maagizo na vipimo. Lakini waliokaa pamoja kusuka walikuwemo wajane wa waliouawa na wake za waliofungwa kwa kuua. Kama kikao kiliweza kusimama kwenye ardhi ile, katikati ya watu wale, na bado mzigo ukafika kwa wakati, sisi wa huku hatuna sababu ya kukiacha kife kwa kisingizio cha tarehe.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayaomba kwa dhati. Kwa maofisa maendeleo ya jamii wa wilaya zetu: mnapokwenda kukagua kikundi, pamoja na kuuliza kimerejesha kiasi gani, ulizeni kinakutana lini na nani hajaonekana wiki hizi. Kwa WAWATA, akina mama Wakatoliki, na akina mama wa makanisa yote: pangeni siku ya kusuka kama mnavyopanga siku ya kwaya. Kwa wanunuzi: agizo likiruhusu wiki mbili zaidi, toeni wiki mbili. Kwa binti zetu walioko mijini: mkirudi Desemba, kaeni na bibi zenu angalau alasiri moja mjifunze kuanza kitako, kwa sababu anayejua kuanza kitako ana ruhusa ya kukaa kikao chochote cha kwetu, popote atakapokuwa. Na kwa makatibu wenye madaftari: majina ya waliotoka msiyafute.

Na kama wewe unayesoma ni mfiwa, au umepoteza mtu ambaye hata hujui kama ni halali kumlilia, usisubiri upone ndipo uende kwa watu. Tafuta kikundi kilicho karibu. Si lazima kiwe cha vikapu. Kiwe cha vitambaa, cha mikeka, cha mama lishe wanaochambua mchele pamoja. Nenda na mikono yako. Siku ya kwanza hutasema kitu, na hakuna atakayekulazimisha.

Kikundi kinachokutana kila wiki hakiwezi kumrudishia mtu marehemu wake, wala kumvusha daraja aliyekwenda. Kinachoweza ni mambo mawili: kuhakikisha jina halikosi mtu wa kulitaja, na kuhakikisha anayelia hayuko peke yake hata matanga yakishaanuliwa. Katika nchi iliyopoteza watu kama yetu, hayo mawili hayapatikani kwa mkopo wala kwa agizo. Yanatokana na kukaa, na kukaa huko ni wajibu wetu kukulinda.